Sura ya Tano: R na L Magharibi mwa Ziwa

Katoro na Buseresere zimejengana hadi mgeni anayepita na basi la kwenda Chato hawezi kusema mji mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Mpaka upo. Katoro ni Wilaya ya Geita, Buseresere ni Wilaya ya Chato, na kila upande una ushuru wake na mwenyekiti wake. Mimi kilichonishika hapo ni tahajia. Majina yote mawili yana R, la pili lina R mbili, lakini sehemu kubwa ya watu wa pale, wanaouza mchele, wanaoendesha bodaboda, wanaosagisha mawe ya dhahabu kwenye karasha, wamelelewa kwa lugha isiyo na R hata moja. Kisukuma hakina sauti hiyo. Kwa hiyo konda ataita "Katolo, Katolo na Buselesele!" na hakuna abiria atakayebaki stendi kwa kutomwelewa. Na kwa hiyo pia jina la mji utalikuta limeandikwa Buseresere kwenye karatasi moja na Buselesele kwenye nyingine, bila mtu yeyote kudhani kwamba ni miji miwili.

Sura iliyopita tuliiacha herufi Щ ya alfabeti ya Kisirili ikiwa imewagawanya Waslavi. Mrusi akiiona hutoa "sh" laini na ndefu. Myukreni hutoa "sh" na "ch" zikifuatana. Mbulgaria husoma "sht". Herufi ni ile ile na chimbuko ni lile lile, lakini kila mmoja anakaririshwa tofauti akiwa darasa la kwanza, kisha anawashangaa jirani zake maisha yake yote. Mwanasiasa aliyeitawala Urusi ya Kisovieti baada ya Stalin ana herufi hiyo moja katikati ya jina lake. Waingereza wamehitaji herufi nne kuiandika, Khrushchev, na Wajerumani wamehitaji saba, Chruschtschow. Huku kwetu magharibi mwa Ziwa Victoria mambo yamegeuka. Wale wana herufi moja yenye sauti tatu. Sisi tulikuwa na sauti moja, tukaletewa herufi mbili.

Nikisema sauti moja sina maana ya sauti isiyobadilika. Jaribu mwenyewe, taratibu, ukiwa peke yako ili watu wasikushangae. Sema "la". Ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kutulia pale, pumzi inapita pembeni, kushoto na kulia. Ndiyo sababu walimu wa Kiswahili wanaiita kitambaza. Sasa sema "ra". Ncha inapiga pale pale, au nyuma kidogo, lakini haikai: inagonga na kuondoka, na ukiikazania itagonga mara kadhaa mfululizo. Hicho ndicho kimadende. Kati ya hizo mbili kuna nafasi ya tatu ambayo vitabu vyetu vya shule haviigusi. Ulimi unagonga na kuondoka kama wa R, lakini pembeni umeachia mwanya kama wa L. Sauti hiyo ya katikati ipo katika lugha nyingi za Kibantu. Mtu aliyezoea L ataisikia kuwa L, aliyezoea R ataisikia kuwa R, na wote wawili watakuwa tayari kuapa. Wajapani nao wana sauti moja tu katika eneo hilo la kinywa. Mmarekani Hepburn, aliyechapisha kamusi yake ya Kijapani mwaka 1867, aliiandika kwa R, na hadi leo Kijapani kikiandikwa kwa herufi za Kilatini L haionekani.

Swali la kwanza basi ni la historia: R ilifikaje katika jina la mji ambao wakazi wake wengi hawaitumii?

Jina lilitangulia watu. Eneo hili ni Buzinza, au Uzinza kwa Kiswahili, nchi ya Wazinza, ambao lugha yao inakaa kundi moja na Kihaya, Kinyambo na Kikerewe, si kundi la Kisukuma. Hata mpangilio wa Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezigawa lugha za Kibantu kwa kanda na namba, uliwaweka mbali: Kizinza kanda E, Kisukuma kanda F pamoja na Kinyamwezi. Mbele ya majina ya nchi Mzinza anaweka Bu-, kama jirani zake wengi, na ndiyo hiyo unayoiona mwanzoni mwa Buseresere. Ndani ya Uzinza walikuwamo wahunzi waliojulikana eneo zima, wenye kuyeyusha chuma msituni na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukumani. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani aliyeuchunguza ufundi wao, anawaandika Barongo. Waandishi wengine wanawaita Walongo. Chagua.

Kisha Wasukuma wakaja, kwa miguu na kwa ng'ombe. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kupunguza msongamano wa watu na mifugo mashariki na kusini mwa ziwa kwa kufungua ardhi ya Geita, kufyeka vichaka vya mbung'o na kuchimba malambo. Watu walihama, wakalima pamba, wakaendelea kusogea magharibi. Dhahabu ikafanya kazi iliyobaki. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, lakini kati ya vipindi hivyo viwili na baada yake wachimbaji wadogo hawakuacha kushuka kwenye maduara. Duara ni neno la Kiarabu lenye R. Kwa mchimbaji wa Kisukuma ni duala, na karasha ni kalasha, na gramu ni glamu. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita uliundwa kwa kumega Mwanza, Kagera na Shinyanga, ambapo Chato ilitoka Kagera. Kwa hiyo hata ramani ya serikali imekubali kile ambacho masikio yalikwisha kukijua: hapa ndipo upande wa R unapokutana na upande wa L.

Sikiliza sasa neno moja likizunguka ziwa. Msukuma akiwa na njaa anasema ana nzala. Mganda anasema enjala. Mnyankore anasema enjara, na Mnyarwanda inzara. Mgiriama, mbali kule nyuma ya Malindi, ana ndzala. Tumbo ni lile lile, na hiyo L au R ya mwisho ni mtoto wa mama mmoja. Wataalamu wa historia ya lugha, tangu Mjerumani Carl Meinhof alipochapisha kitabu chake cha sauti za Kibantu mwaka 1899, wameweza kuonyesha kwamba lugha hizi zote zilirithi konsonanti moja, iliyokuwa karibu na D au L, na kila moja ikaifanya inavyopenda. Kulia machozi ni kulila kwa Msukuma na kurira kwa Mnyarwanda. Mbili ni bili, mbili au biri kutegemea umesimama upande gani wa mto.

Kiungo chenyewe kinachofanya kazi hii hakikuachwa nje. Msukuma ana lulimi kinywani. Mganda ana olulimi. Mnyarwanda ana ururimi, na wingi wake ni indimi.

Waganda ndio waliolishughulikia jambo hili kwa utaratibu kuliko wote. Kwao L na R ni sauti moja yenye sura mbili, na kinachochagua sura ni irabu inayotangulia. Baada ya E na I huja R. Kwingineko kote ni L. Moto ni omuliro: ya kwanza imefuata U ikawa L, ya pili imefuata I ikawa R. Fanya wingi, sema emiriro, na ile L ya kwanza inageuka R papo hapo kwa sababu sasa imetanguliwa na I. Kazi ni omulimu, kazi nyingi ni emirimu. Mtoto wa Kiganda hafundishwi hili, analinyonya. Anachofundishwa ni kuliandika, kwa kanuni ya tahajia iliyokubaliwa mwaka 1947, mwaka ule ule ambao upande wa pili wa ziwa watu walikuwa wanafyekewa vichaka vya Geita.

Ukishaijua kanuni ya Waganda huwezi tena kusoma majina ya ukanda huu kwa macho ya zamani. Chukua riwaya ya Aniceti Kitereza, mzaliwa wa Ukerewe wa mwaka 1896, aliyeimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuiona ikitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Katika jina la kitabu kuna watu wanne: Myombekere, Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Myombekere ana R, na imetanguliwa na E. Ntulanalwo ana L mbili, moja baada ya U na nyingine baada ya A. Bulihwali vivyo hivyo. Jina la mwandishi, Kitereza, lina R baada ya E. Jina la kisiwa chake, Ukerewe, ni hivyo hivyo. Ni kama mtu amepita na kalamu nyekundu akihakikisha kila irabu imepata haki yake. Nikatazama Buseresere: R mbili, na kila moja imetanguliwa na E. Mganda akipewa jina hili kwa kulisikia tu ataliandika jinsi lilivyo. Nikatazama Kagera, nikatazama Nyerere. Nilikuwa karibu kutangaza kwamba nimeupata ufunguo wa ziwa zima.

Halafu kuna Katoro. R imefuata O, kanuni imevunjika. Biharamulo ina R baada ya A, na L baada ya U. Rubondo, kisiwa ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977, inaanza na R bila kutanguliwa na kitu. Bujumbura ina R baada ya U. Kwa hiyo kanuni ya Mganda ni ya Mganda, labda na ya Mkerewe, na magharibi zaidi, kwa Wahaya, Wanyambo, Wanyarwanda na Warundi, R inakaa mahali pengi zaidi huku L ikibaki mgeni wa kuhesabika. Hata Kigali, mji mkuu wa Rwanda, unaandikwa kwa L lakini wenyewe wakiutaja sikio la pwani linasikia R. Mstari hauko wazi kama mto. Unapita katikati ya lugha, katikati ya ukoo, na Buseresere iko juu yake.

Watu wa kwanza kuyaweka majina haya kwenye karatasi kwa herufi za Kilatini hawakujua lolote katika haya, na wasingejali. John Hanning Speke alipita Uzinza mwaka 1861 akielekea Karagwe. Chifu mmoja alimzuia kwa muda mrefu akimdai hongo, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke anamwita Lumeresi. Angalia jina hilo: L mwanzoni, R baada ya E. Mwingereza yule mwenye homa na hasira aliandika alichosikia, na alichosikia kinakubaliana na kanuni ambayo ingekuja kuandikwa miaka 86 baadaye. Lakini mfalme wa Karagwe aliyempokea vizuri anamwandika Rumanika, kwa R mwanzoni. Baada ya Speke wakaja wamisionari, na hao ndio waliokaa. Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi, upande wa Usukuma, mwaka 1883, na Kashozi, upande wa Uhaya, mwaka 1892. Shirika lilikuwa moja, lakini kila misheni ilitengeneza katekisimu kwa masikio yake. Upande mmoja vitabu vikajaa L, upande wa pili vikajaa R. Baadaye karani wa boma, hakimu, mwalimu mkuu na mpima ardhi wakarithi tahajia hizo mbili, kila mmoja akitumia ile aliyoikuta mezani.

Matokeo yake yako kila mahali ukitaka kuyaona. Kusini mwa Geita kuna kijiji cha wachimbaji wadogo ambacho kwenye ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, zile za mradi ulioanza mwaka 2002, kinaitwa Rwamagasa. Kata yake inaandikwa Lwamgasa. Mtafiti anayetafuta taarifa za mahali hapo kwa jina moja atakosa nusu ya maandishi. Ukielekea Bukombe utakuta Runzewe, na utakuta Lunzewe, na ni mji mmoja. Bungeni Dodoma, katika miaka ya karibuni, waliketi Wilfred Lwakatare kutoka Bukoba na Askofu Getrude Rwakatare. Wageni wengi waliyachukua kuwa majina mawili tofauti. Mhaya hashangai. Kwake mwanzo wa jina ni ule ule, kilichotofautiana ni mkono wa aliyeandika cheti.

Na cheti si jambo la mzaha. Zamani, jina likiwa mdomoni, hakuna aliyekosa urithi kwa sababu ya ncha ya ulimi. Siku hizi jina linaishi kwenye kompyuta, na kompyuta haina sikio. Kwake Luhende na Ruhende ni watu wawili wasiofahamiana. Kijana ambaye cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cheti cha kidato cha nne kinasema vile atapanda ngazi za ofisi ya wakili kuapa kwamba yeye ni yeye, atalipia hati ya kiapo yenye mhuri, ataitoa nakala, na ataibeba kila aendapo kuomba mkopo, ajira au kitambulisho. Konsonanti moja imetengeneza riziki ya mawakili wengi kanda ya ziwa. Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa Katoro akimpa mkwewe ushauri wa kisheria bora kuliko wa wakili: "Mkamwana, ukienda kumwandikisha mtoto, mpe jina lisilo na herufi hiyo. Mwite Joni, mwite Masanja." Masanja ni jina salama kabisa.

Hapa Mswahili wa pwani, au msomi wa Dar es Salaam, hupenda kutabasamu. Katika vichekesho vya redio na televisheni Msukuma ndiye anayesema "lafiki" na "balua", na wasikilizaji wanaangua kicheko kabla hajafika mwisho wa sentensi. Mzaha wa kura na kula umechoka hata kuwa mzaha, ingawa kila uchaguzi mtu huufufua. Mimi nadhani anayecheka hajakitazama vizuri Kiswahili chake mwenyewe. Ulimi ukiwa mmoja una L. Ukizidi, ni ndimi, L imekuwa D. Mti ni mrefu kwa R, lakini nyumba ni ndefu kwa D. Hakuna Mswahili anayeona ajabu, kwa sababu ameizoea, lakini ni tabia ile ile ya omuliro na emiriro: konsonanti inatazama jirani yake na kubadili nguo. L, R na D ni ndugu wa tumbo moja katika Kiswahili kama walivyo katika Kizinza.

Isitoshe Kiswahili kimefanya jambo kubwa kuliko kuchanganya. Kimemeza. Msukuma ameitunza L ya nzala, Mnyarwanda ameigeuza R, na Mswahili ameitupa baharini akabaki na njaa. Msukuma analila, Mswahili analia. Pengo lile kati ya irabu mbili ndipo konsonanti ya mababu ilipokuwa imeketi. Wakamba nao ni hodari wa kumeza. Mlima ambao Wakikuyu wanauita Kĩrĩnyaga, kwa R, Wakamba wanauita Kĩĩnyaa, na ni kutoka upande wa Wakamba, mwaka 1849, ndipo Krapf aliuona na kulisikia jina ambalo sasa ni la nchi nzima. Kama angeanzia kwa Wakikuyu, Kenya ingekuwa na R katikati. Na kwa kuwa tumefika huko: Kikuyu ni Kisukuma kilichogeuzwa. Hakina L. Mkikuyu wa Nyeri anayesema "rakini" na Msukuma wa Katoro anayesema "balua" wakikutana Mwanza wataelewana vizuri tu, na wote wawili watachekwa na mtu wa tatu.

Sasa R ya Kiswahili ilitoka wapi, kwa wingi huu? Fungua kamusi yoyote kwenye ukurasa wa R na usome kwa mpangilio: rafiki, raha, rai, raia, rangi, rasmi, ratiba, rehani, riziki, roho, rudi, rushwa. Karibu zote zilishuka kutoka jahazini. R za Kibantu zipo, kama ya mrefu, ila ni za kuokoteza. Waarabu na Waajemi ndio walioleta shehena, na walikuja nayo pamoja na mwandiko ambao hauna nafasi ya kuchanganya: lamu ni fimbo iliyosimama, ra ni mkia unaoshuka chini ya mstari. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa mwandiko huo. Mtoto wa chuoni Lamu au Unguja alitandikwa hadi akatofautisha, kwa sababu kukosea katika Kurani kulikuwa kosa la ibada. Tahajia ya Kilatini ilipokuja kusanifiwa, kwa msingi wa Kiunguja uliochaguliwa Mombasa mwaka 1928, tofauti hiyo ilikuwa tayari imekomaa pwani. Ilisafirishwa bara pamoja na vitabu vya shule kana kwamba ilikuwako huko daima.

Walimu wa shule za msingi za ukanda huu wamepigana nayo tangu hapo, wengine kwa fimbo, wengine kwa kurudisha mtoto arudie neno mara ishirini. Wanachokiona kuwa ulimi mzito si ulimi. Ushahidi ni kosa la pili, ambalo huja baada ya la kwanza kukemewa vya kutosha. Mtoto aliyezuiwa kusema "balua" ataanza kusema "barua", vizuri sana, na kesho yake atasema "kurara", "chakura", "kurima". Ulimi wake unaitoa R safi kabisa. Anachokosa ni ramani, yaani kujua ni neno lipi linaitaka na lipi haliitaki, na ramani hiyo haifuati mantiki yoyote ambayo lugha yake ya nyumbani inaweza kumsaidia kuikisia. Ni ya kukariri, neno kwa neno, kama Mmarekani anavyokariri ngeli zetu.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili upande wa Chato ameacha kuwarudisha watoto. Anawapa jozi za maneno yanayotenganishwa na herufi hiyo tu, ubaoni, na kuwauliza ni lipi. Kalamu na karamu. Mahali na mahari. Hali na hari. Bala na bara. Laha na raha. Kula na kura. Alinilalamikia kwamba jozi zinaisha haraka, hapati za kutosha hata kipindi cha dakika arobaini. Nilizichukua nikakaa nazo. Ukiondoa kula, ambalo ni letu tangu enzi, maneno yote kumi na moja yaliyobaki yana asili ya Kiarabu. Si ajabu hazitoshi. Wazee wa Uzinza na Usukuma hawakuwa na maneno mawili yaliyosubiri kutofautishwa kwa mtego huo. Walikuwa na mahari, bila shaka, na hadi leo ni ng'ombe wengi, ila walikuwa wanaiita kwa majina mengine. Na katika kikao cha posa cha Buseresere leo, mshenga akisema upande wake umeleta "mahali" ya ng'ombe kumi na mbili, wazee wa upande wa pili wanatoka nje kwenda kuhesabu.